Pengo Ndani ya Bomba

Mwezi wa saba, siku ya soko, ukungu wa Lushoto hauna haraka ya kuondoka. Wauza karoti walikuwa wamevaa makoti juu ya vitenge, na mapeasi yalilowa kwenye matenga kana kwamba yamechumwa mtoni. Mbele ya banda la Hassani muuza majiko, kijana mrefu mwenye sweta la kijani na mabuti yaliyoganda udongo mwekundu alikuwa anageuzageuza jiko la mkaa.

"Hili linakaa na moto mpaka asubuhi?"

"Mpaka uliombe lipoe," alisema Hassani.

"Basi nipe. Ni la chumbani kwa mama."

Nyuma yake alisimama dada mmoja aliyefuata bawaba. Alivaa ovaroli la bluu na kilemba cha kitenge cha njano, miwani ya kuchomelea ikining'inia shingoni.

"Kaka, ukitoka hapa pinda kushoto," alisema. "Kuna seremala."

"Sihitaji seremala."

"Utamhitaji. Jiko la mkaa chumbani, na madirisha yamefungwa kwa baridi hii? Agiza na jeneza kabisa, uokoe safari."

Hassani aliguna. "Tabitha, unanifukuzia wateja."

"Nakutunzia mteja awe hai. Atarudi kununua la jikoni."

Kijana hakujua acheke au akasirike. Alijieleza kama mtu aliyekamatwa. Aliitwa Lusajo, alikuwa bwana miti katika shamba la miti juu ya mji, na kwao ni Tukuyu. Mama yake alikuwa anakuja kuishi naye baada ya kufiwa na mume. Kifua kilimsumbua.

"Ameshaniambia, akipata baridi hapa anarudi kwake," alisema. "Na kwake sasa hakuna mtu."

Tabitha alimwangalia upya. "Unakaa wapi?"

"Ile nyumba ya mawe ya Mzee Yeremia, juu ya kanisa."

"Yenye dohani?"

"Dohani ipo. Ila nikiwasha, joto linapanda juu na moshi unarudi sebuleni."

Tabitha alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mrudishie Hassani jiko lake. Jioni nakuja kupima."

Alikuja kweli, na futikamba na tochi, akapiga magoti mbele ya meko ya ukutani akaingiza kichwa ndani.

"Meko ya wazi ni mwizi," sauti yake ilitokea humo. "Inachukua joto la nyumba inawapelekea ndege. Tutaingiza sanduku la chuma lenye mlango. Hewa inaingia kwa tundu la chini, tunaiongoza sisi. Moshi unatoka kwa bomba mpaka juu ya paa."

"Bomba la nini, na dohani ipo?"

"Dohani yako ina nyufa. Moshi ukipenya unaingia darini, na masizi yakishika moto humo, boriti zinafuata. Bomba linakwenda moja kwa moja mpaka juu, halikatishwi njiani."

Siku ya kufagia dohani Lusajo aliomba ruhusa kazini. Tabitha alipanda na brashi ya waya, akateremsha viota, majani, na gunia zima ambalo mpangaji wa zamani alilisokomeza kuzuia baridi.

"Umeshika ngazi au unaniangalia?" aliuliza toka juu.

"Naweza yote mawili."

"Wanaoweza yote mawili ndio wanaoachia ngazi."

Aliposhuka alikuwa mweusi tii. Lusajo alimpa leso yake.

"Umependeza."

"Muongo."

"Kweli. Sasa hivi yanaonekana macho tu."

Tabitha alinawa uso bombani muda mrefu kuliko masizi yalivyohitaji.

Kuni zilikuwa za Lusajo, na hapo ilikuwa zamu ya Tabitha kusikiliza. Tangu kiangazi Lusajo alikuwa amepasua miwati na migrivilea, akaipanga chini ya bati na kuacha upepo upite katikati. Alichukua vipande viwili akavigonganisha.

"Sikia. Kavu inalia kama kengele." Akagonga mkaratusi uliokatwa juzi. "Mbichi inalia kama mtu anapigwa mgongoni. Ukiichoma hii, moshi wake unaganda kwenye bomba kama lami."

"Majiko yote niliyochomelea," alisema Tabitha, "sijawahi kugonga kuni." Akaomba agonge mwenyewe. Akagonga nyingi.

Simu zikaanza.

"Bwana Miti, umeshakula?"

"Nilikuwa nasubiri simu kwanza."

"Ya nani?"

"Ya fundi wangu. Anataka kujua kama nimeondoa zulia mbele ya meko."

"Umeliondoa?"

"Nimeliondoa, nimepanga mawe kama alivyosema, na viti nimevisogeza mbali. Sasa na mimi nimwulize. Jumapili baada ya ibada anakunywa chai na nani?"

"Na mtu asiyeweka sukari nyingi."

"Basi nimeshaacha sukari."

Mama Lusajo alifika na basi la jioni kutoka Mombo, amejifunga kanga juu ya sweta mbili. Kesho yake Tabitha alikuja kuwasha moto wa kwanza kwenye jiko jipya la chuma. Alivaa gauni la kitenge cha kijani, na Lusajo, ambaye hakuwahi kumwona nje ya ovaroli, alisahau kumkaribisha kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo mama."

Aliwasha moto mdogo, akafungua dirisha ili harufu ya chuma kipya itoke. Alionyesha kila kitu kwa mkono: tundu la hewa, mlango, ndoo ya chuma yenye mfuniko ya kutolea majivu, ambayo ilipaswa kukaa nje kwenye udongo, si barazani penye mbao. Mwisho akashika mpini mdogo ubavuni mwa bomba.

"Ndani yake kuna bamba la duara la kuziba njia ya moshi. Moto ukishakolea, unausukuma mpini nusu, moto unatulia."

"Na kulala?" aliuliza Mama Lusajo.

"Wakati wa kulala unauacha ufe wenyewe, mama."

Mama Lusajo alimtazama kama mtu aliyeambiwa amlaze mgeni na njaa. "Kwetu moto haufi," alisema taratibu. "Unafukiwa na majivu. Asubuhi unaukuta."

"Kwenye jiko hili usiufukie, mama, tafadhali. Makaa yakikosa pa kupumulia yanatoa hewa ya sumu. Haina harufu."

Mama Lusajo alikunja mikono ndani ya kanga. Tabitha aliuona uso ule. Moto ulipopoa alilegeza bomba, akachomoa lile bamba, akalitia mfukoni.

"Kuna kitu sijamaliza," alimwambia Lusajo mlangoni. Kesho yake alilirudisha. "Sasa limekaa," alisema, akakusanya vifaa vyake.

Siku zilizofuata zilikuwa njema mpaka alfajiri. Jioni sebule ilikuwa na joto, mlango wa chumba cha mama ukaachwa wazi, na Tabitha alipopita baada ya kazi walikula viazi wakicheka. Lakini moto ulikufa kabla ya jogoo. Baridi iliingia, na Lusajo alisikia kikohozi upande wa pili wa ukuta. Asubuhi moja mama aliuliza basi la kwenda Mbeya linapita Mombo siku gani.

Siku hiyo Lusajo alifungua bomba. Akalitoa bamba, akaliona. Ukingoni palikuwa na pengo lililokatwa, ukubwa wa kiberiti. Tabitha alikuwa Mlola, kwao, kumsalimia mama yake. Akampigia.

"Tabi, nimefungua bomba."

"Nani kakwambia ufungue bomba?"

"Bamba lina pengo. Joto lote linapita hapo."

"Najua."

"Unajua? Mama anakohoa, anaulizia basi, na wewe unajua?"

"Nimelikata mwenyewe."

"Ulikosea kipimo ukaona haya kusema. Ungesema tu, mpenzi, bamba ni kitu kidogo. Lakini usinilipulie kazi."

Kwenye simu kulisikika kuku, na mtu akitwanga. Tabitha alikuwa amesimama uani, akitazama mlango wa chumba ambacho kwao hakuna anayelala tena.

"Kama nalipua kazi, mtafute anayejua."

Simu ikakatika.

Lusajo alirudisha bamba mahali pake kwa hasira na kumtafuta fundi mwingine, aliyeahidi kuja baada ya Jumapili na bamba zima. Siku mbili hakumpigia Tabitha, na Tabitha hakumpigia.

Jioni ya pili Mama Lusajo alifanya uamuzi bila kumwambia mtu. Tangu akiwa msichana alikuwa amelaza moto na kuuamsha, katika nyumba ya baba yake na ya mume wake. Alikusanya makaa, akayafukia na majivu, akafunga mlango wa jiko na tundu la hewa. Kisha akausukuma mpini mpaka mwisho. Akalala.

Lusajo aliamshwa na joto. Alitoka sebuleni akamkuta mama amechutama mbele ya jiko, anapuliza makaa mekundu chini ya vijiti vya mgrivilea.

"Ugonile?" mama alimsalimu kwa Kinyakyusa, kama alivyomwuliza kila asubuhi ya utoto wake iwapo amelala salama.

Lusajo alifungua mdomo kuitikia, akauona mpini.

"Mama, nani kausukuma mpaka mwisho?"

"Mimi. Si unaona moto umekaa? Na kifua hakikunibana."

Lusajo aliketi kwenye mawe mbele ya jiko. Alikumbuka seremala wa kupinda kushoto. Akatoka nje bila viatu, akatazama juu. Kwenye kofia ya bomba moshi mwembamba kama uzi ulikuwa unapanda, polepole, bila kukatika. Ndani ya bomba hakukuwa na njia nyingine ya kupita isipokuwa lile pengo.

Aliporudi mama alikuwa anaweka birika.

"Umegombana na fundi," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Simu yako imekaa kama jiwe tangu juzi."

"Nilimwambia kazi yake mbovu."

"Ni mbovu?"

"Hapana, mama."

"Sasa umekaa hapa unafanya nini?"

Karakana ya Tabitha ilikuwa imeshafunguliwa. Tabitha alikuwa anakata chuma, cheche zikiruka nyuma yake.

"Fundi wako kakosa bamba?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimemwambia asije. Tabi, jana mama alifukia moto. Akausukuma mpini mpaka mwisho."

Mashine ilizimwa. Tabitha alivua miwani, na uso wake haukuwa na utani hata kidogo.

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Anachoma viazi kwa makaa ya jana."

Tabitha alikaa juu ya rundo la vyuma.

"Ungeniambia tu," alisema Lusajo.

"Nikwambie nini? Kwamba nimemtengenezea mama yako jiko huku nawaza siku atakayokosea? Niliuona uso wake. Ametunza moto kabla mimi sijazaliwa. Shangazi yangu Eliza naye aliujua moto. Mwezi kama huu alilala na jiko la mkaa, yeye na mtoto wake. Asubuhi tukagonga mlango, hakuna aliyefungua."

Lusajo aliketi kando yake, suruali ya kazini ikashika kutu.

"Nisamehe, Tabi. Nilikwita mlipua kazi."

"Na mimi nilikukatia simu. Bomba ni lako, ulistahili kuambiwa. Kilikuwa kiburi." Akajifuta pua kwa mkono wa ovaroli, na fundi akarudi. "Tena pengo peke yake halitoshi. Nitaagiza king'ora cha hewa ya sumu, kikae ukutani karibu na kitanda cha mama. Na kama ataendelea kufukia, masizi yatajaa upesi. Dohani ifagiliwe mara kwa mara, si mara moja kwa mwaka."

"Nani atafagia?"

"Mimi."

"Utapanda kile kilima kila mara na ngazi begani?"

"Ngazi iko kwako."

"Basi na wewe uwe kwangu."

Tabitha aligeuka taratibu. "Bwana Miti. Unaniposa karakanani, na ovaroli hili?"

"Macho yanaonekana."

"Kwetu hawaposi hivyo. Watu wanakwenda Mlola, wanaketi, wanasemwa weee mpaka jioni."

"Nitakwenda na wazee wa kwetu. Nitasemwa."

"Na mama?"

"Mama ndiye kanifukuza nyumbani nije."

Tabitha alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akamwambia ashike upande wa pili wa bati maana kazi ya watu inasubiri.

Jioni walipiga magoti wawili mbele ya jiko, mama na fundi. Mama Lusajo alimwonyesha Tabitha jinsi majivu yanavyotandazwa, mepesi juu, mazito pembeni. Tabitha alitazama kwa makini, akaomba arudie. Kisha yeye akamwonyesha mama pengo kwenye bamba, akamweleza ni la nini, bila kuficha.

Mama Lusajo alilipima kwa kidole. "Ndaga, mwanangu," alisema, nayo ni asante ya kwao.

Bamba likarudishwa. Mama akashika mpini.

"Nusu?"

"Nusu, mama. Na tundu la hewa tuliache wazi kidogo."

Akausukuma nusu, akauachia. Basi la Mbeya hakuliulizia tena.