Chupa Kumi na Mbili za Fulcrand Azéma

Siku ya Alhamisi, saa nane na dakika tano mchana, Pagès, dereva wa foklifti wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu wa Villebrune, alishuka kwenye ghala la chini kuchukua pampu. Hakuifikia. Chini ya ngazi alimkuta Fulcrand Azéma, fundi mvinyo wa chama kwa miaka thelathini na nne, amelala chali, kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa jiwe. Kando yake palikuwa na vipande vya chupa na dimbwi la mvinyo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefumba ngumi.

Sajini Noélie Cazals alifika saa nane na nusu. Upepo wa milimani ulikuwa unavuma tangu asubuhi, na mlango wa ghala ulikuwa ukijibamiza. Mlangoni alisimama Aymar Delpech, mwenyekiti wa chama, koti la manyoya la gharama begani, akiwaeleza watu kilichotokea kana kwamba alikuwepo.

"Ajali, Sajini," alisema. "Mzee wa miaka sabini na moja, goti limefanyiwa upasuaji juzi Septemba, anapanda ngazi na chupa mkononi. Nilimwambia mara ngapi?"

"Tutaona," Noélie alijibu, akampita.

Hakumpenda mtu yule, na alilijua hilo, kwa hiyo alijilazimisha kwenda polepole. Baba yake, marehemu Émilien, alikuwa akileta zabibu zake hapa hapa. Noélie akiwa na miaka kumi na sita alimsikia Delpech akimwambia baba yake mbele ya watu: mvinyo wenu ni wa kuzima kiu, unyweni kabla ya Pasaka, baada ya hapo umwagieni mchicha badala ya siki. Baba yake alicheka kwa adabu.

Alipiga magoti karibu na maiti. Kipande kikubwa cha chupa kilikuwa na lebo ya chama, mwaka 2003. Aliangalia kwa ndani: kioo safi, kinang'aa. Akaangalia dimbwi lililojaa kwenye mashimo ya jiwe: zambarau iliyokoza, kama maji ya bitiruti. Kisha, daktari alipokwisha kumaliza, aliifungua ile ngumi kidole kimoja kimoja.

Ndani mlikuwa na kizibo. Kilikuwa kirefu, hakina chapa ya chama, kimelowa mvinyo kwenye ncha tu, kiasi cha unene wa kucha. Ubavuni kilikuwa na mkunjo mmoja ulionyooka toka juu hadi chini, kama kovu.

Alikitia kwenye mfuko wa ushahidi. Nyuma yake sauti ya Delpech ilisikika kwenye ngazi.

"Masikini. Kafa na chupa yake ya 2003! Na ilikuwa imefika pazuri, ile. Ngozi, tini kavu, uyoga wa msituni. Basi tena."

"Bwana Delpech, nilisema mtu asishuke."

"Samahani, Sajini. Kama unatafuta mtu wa kumuuliza, muulize Pagès. Funguo anazo, na mikono ya shati lake umeiona?"

Noélie aliandika kila kitu kwenye daftari, pamoja na tini kavu.

Mikono ya shati la Pagès ilikuwa imelowa zambarau hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameketi juu ya kreti uani, ananuka pombe ya asubuhi. Kijiji kizima kilimjua kwa hilo.

"Umemsukuma?" Noélie aliuliza.

"Nimemnyanyua! Nilitaka kumkalisha. Nilidhani amezimia." Alinyanyua uso, na macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira zaidi ya kilio. "Huyo koti la manyoya ndiye kakwambia, sivyo? Kwa kuwa mimi ni mlevi. Haya, mimi ni mlevi. Miaka arobaini nakunywa mvinyo wa chama hiki, Sajini, na sasa nikwambie kitu ambacho hao wasionuka pombe hawakukwambia. Ule uliomwagika pale chini si wa 2003."

"Umejuaje?"

"Nusa!" Alimnyooshea mkono wa shati mpaka puani. "Cheri na ganda la zabibu. Huu ni wa mwaka jana, huu. Mvinyo wetu wa yuro sita, mwaka wa kwanza unakuuma fizi. Wa tano umetulia. Ukifika kumi rangi inaanza kugeuka, pembeni mwa glasi unaona rangi ya tofali. Ukipita ishirini, kama umelazwa mahali pa baridi, hauumi tena mtu, unanuka vitu vya zamani, na chupa ndani imeshika utando kama birika la chai. Utando uko wapi pale? Umeuona?"

"Sijauona," Noélie alisema.

"Basi mimi si mlevi kiasi hicho."

Noélie alirudi chini na tochi. Rafu za Fulcrand zilikuwa nyuma ya matangi: chupa kumi na mbili za kila mwaka, zimelazwa, hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzigusa. Alichomoa moja ya 2002 akaimulika. Upande wa chini mashapo yaliganda kwenye kioo, meusi. Ya 2004, vivyo hivyo. Za 2003 zilibaki kumi na moja. Alizimulika zote. Sita zilikuwa na utando. Tano zilikuwa safi kama za dukani.

Tano, na ile iliyovunjika. Sita.

Aliirudisha chupa ya mwisho mahali pake. Hakuanguka, mzee huyu. Alikuwa amegundua.

Josette Azéma, mjane, alimpokea jikoni saa kumi na robo. Sufuria ya maharage na soseji ilikuwa bado juu ya jiko, haijaguswa. Hakulia. Alikuwa akifuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Alinipigia simu saa sita na dakika thelathini na tano," alisema. "Akasema, 'Kula bila mimi, Josette. Nina hasira hata mate hayapiti.' Nikamuuliza na nani. Akasema, 'Namngoja aje aniambie usoni.' Akakata."

"Hakutaja jina?"

"Hakutaja. Mimi nikafikiri ni Loïc."

Loïc alikuwa mpwa wao. Kesho kutwa yake, Jumamosi, wanachama walikuwa wapige kura kama waing'oe mizabibu mikongwe ya mlimani na kupokea fidia ya serikali. Loïc alitaka ing'olewe. Fulcrand alikuwa ameapa kufungua chupa ya 2003 mbele ya mkutano wote, ili waonje mizabibu hiyo ilizaa nini, ndipo wapige kura.

"Kabla ya hapo alikuwa amewahi kufungua nyingine ya 2003?"

"Ya 2003? Hata moja. Ule ndio mwaka wa lile joto kali, alisema mvinyo wake ni mkaidi, unataka kuachwa. Mimi mkewe sijaonja. Zilibaki zake kumi na mbili tu, na hakuna aliyezionja."

Noélie aliacha kuandika. Alirudisha kurasa za daftari nyuma, akasoma, akalifunga.

Loïc alihojiwa saa kumi na mbili jioni kituoni. Alikuwa kijana mpana wa miaka thelathini na mbili, udongo kwenye buti, na alianza kupiga kelele kabla ya kuketi.

"Ndiyo, nilimtukana! Jumanne, mbele ya watu. Nilimwambia atazikwa na chupa zake. Umeridhika?"

"Leo kati ya saa sita na saa nane ulikuwa wapi?"

"Mlimani napogoa. Nilikuwa na watu watatu, tumekula mkate na jibini pale pale kwa sababu ya upepo. Waulize." Kisha akaketi. "Alinifundisha kupogoa nikiwa na miaka tisa. Mimi nina watoto wawili, Sajini, na mizabibu ile hainilishi. Hilo tu ndilo nililotaka ajue. Hilo tu."

Wale watatu walithibitisha, mmoja mmoja.

Ijumaa asubuhi Noélie alifanya mambo manne. Kwanza, hospitalini alithibitishiwa kwamba Fulcrand alilazwa majuma matatu mwezi wa Septemba. Pili, katika mkahawa wa kijiji, ambako Delpech alidai alikula mchana wote wa Alhamisi, mwenye mkahawa alinuna.

"Kula? Alikuja saa saba na dakika ishirini, wakati napangusa meza. Akaenda moja kwa moja kunawa. Akaagiza kahawa. Nina nyama ya bata jikoni, yeye anaagiza kahawa!"

Tatu, alimpigia simu mnunuzi wa Antwerp, Ubelgiji, ambaye picha yake na Delpech ilikuwa imetoka kwenye gazeti la wilaya mwezi wa Oktoba. Delpech alikuwa na shamba lake binafsi, na mvinyo wake uliuzwa yuro thelathini na nane. Mnunuzi alieleza kwa furaha: alikuwa na wasiwasi kama mvinyo ule unaweza kukaa, mpaka Delpech alipommiminia, kutoka kwenye jagi la kioo, mvinyo wa shamba hilo wenye zaidi ya miaka ishirini. Ajabu, alisema. Tini kavu, ngozi. Alisaini mkataba wa miaka kumi mezani pale pale.

Nne, alinunua chupa moja ya Delpech dukani, akaifungua juu ya kiti cha mbele cha gari lake. Alipokiona kizibo, alikitia kwenye mfuko wa ushahidi, akawasha gari.

Jumamosi, saa nne asubuhi, wanachama sitini walijaa kwenye ukumbi wa chama. Josette alikuwa mstari wa mbele, amevaa nyeusi. Delpech alisimama kuomba dakika moja ya kumkumbuka marehemu.

"Dakika hiyo naiomba mimi," Noélie alisema kutoka mlangoni.

Aliweka chupa mezani, lebo ya chama, 2003, moja ya zile safi. Aliifungua, akamimina glasi. Akafungua nyingine ya mwaka ule ule, moja ya zile zenye utando, akamimina polepole. Alizisogeza zote mbili juu ya karatasi nyeupe. Moja ilikuwa zambarau. Nyingine ilikuwa nyekundu iliyofifia, pembeni rangi ya tofali la zamani.

Minong'ono ilipita ukumbini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wote walizaliwa kwenye mvinyo.

"Chupa sita zilimiminwa mvinyo wake na kujazwa mwingine wakati Bwana Azéma yuko hospitalini. Funguo za ghala zilikuwa na watu watatu: yeye mwenyewe, Pagès na mwenyekiti."

"Pagès, basi!" Delpech alisema. "Amekunywa! Hilo linamshangaza nani?"

"Mlevi anakunywa, Bwana Delpech, hazibi tena chupa." Noélie alipanga vizibo vitatu juu ya karatasi. "Hiki ni cha chupa hii iliyojazwa upya. Hiki kilikuwa kwenye ngumi ya marehemu. Na hiki nimekitoa kwenye chupa yako mwenyewe, niliyoinunua jana. Vyote vina mkunjo ule ule ubavuni. Taya moja ya mashine inayoviingiza ina pengo. Askari wangu wameshaishika mashine hiyo, shambani kwako, saa moja iliyopita."

Delpech aliangalia vizibo. "Mashine za namna hiyo ziko nyingi."

"Alhamisi uliniambia 2003 ina ngozi, tini kavu, uyoga. Nimeandika. Chupa ya 2003 haikuwahi kufunguliwa na mtu. Umeonja wapi?"

Mke wa Delpech, aliyekuwa amekaa pembeni, aliinamisha kichwa.

"Nikusaidie," Noélie alisema. "Ulimmiminia Mbelgiji mvinyo wa yuro sita ukamwambia ni wako. Wako ukipita miaka mitano unakuwa siki, na unajua. Fulcrand aliifungua moja kuijaribu kabla ya mkutano, akakitambua kizibo. Akakuita. Ulifika kabla ya saa saba."

"Angenisubiri!" Delpech alipaza sauti ghafla. "Nilimwomba asubiri mpaka mkataba uanze. Ningemlipa chupa zake mara ishirini! Akanicheka. Akasema leo ataileta hapa, mbele ya hawa, aeleze. Mbele ya hawa! Akaanza kupanda ngazi na ile chupa, nikamshika koti, akanisukuma, nami..." Aliangalia viganja vyake. "Sikukusudia."

"Ukamwacha pale. Ukaenda kunywa kahawa."

Loïc alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake, na ilibidi watu wanne wamshike. Pagès alitukana tusi moja refu ambalo hakuna aliyemkataza. Askari wawili walimtia Delpech pingu. Walipompitisha mstari wa mbele, Josette Azéma alinyanyuka akawazuia njia.

"Ulikuwaje?" aliuliza.

Delpech hakuelewa.

"Mvinyo wa mume wangu. Wewe umeunywa, mimi sijaunywa. Niambie ulikuwaje."

"Bi Josette, tafadhali..."

"Niambie!"

Delpech aliangalia sakafu.

"Mzuri," alisema.

"Kuliko wako?"

Alijaribu kupita. Askari hawakusogea. Noélie hakuwapa ishara yoyote.

"Kuliko wako, Aymar?"

"Ndiyo."

"Sema kwa sauti," Josette alisema. "Wakulima wako hawakukusikia."

Alisema kwa sauti. Ndipo yule mama alipomtemea mate usoni, akaenda mezani, akaichukua ile glasi yenye rangi ya tofali, akaketi nayo mahali pake aonje kwanza, kwa kuwa kura ilikuwa bado haijapigwa.