Mapezi ya Kukodi

Mwoka mikate alipochomoza kichwa juu ya maji, mashua iliyowaleta ilikuwa imeshakuwa ndogo kama kiatu. Wifi yake, dada wa mumewe, aliibuka kando yake akikohoa. Wote wawili walikuwa bado wanajifunza kuzamia. Chini kule mwanafunzi mwenzao alishikwa na maumivu ya sikio, mwalimu akampandisha, akawaashiria wao wafuate kamba ya kupandia. Mkondo uliwapokonya kamba kabla hawajaishika vizuri.

"Mbona hawaji?" wifi aliuliza.

Moshi mweusi ulitoka nyuma ya mashua, ukakatika.

"Injini imewagomea," alisema mwoka mikate. "Na sisi tunazidi kwenda."

Upepo ulikuwa umeamka. Mawimbi yaliwazaba makofi, na miwani yake, aliyoikodi dukani pamoja na kila kitu kingine, ilipitisha chumvi iliyomchoma macho. Kibaya zaidi ni jaketi la kuelea. Kila alipolijaza, lilinywea begani polepole. Hewa ya mtungi ilipokwisha akawa analipuliza kwa mdomo, kama mtu anayechochea kuni mbichi.

"Nilikwambia ununue vyako," wifi alisema. Yeye, muuguzi wa wodi ya watoto, alinunua vyote vipya, hadi mapezi ya miguuni, marefu magumu, ambayo muuzaji aliyasifu mpaka povu likamtoka.

"Utanigombeza nchi kavu. Sasa tupa risasi."

Mwoka mikate alifungua mshipi wake wa risasi, vile vipande vizito vya kumshusha mzamiaji, ukazama. Wifi aliushika wake, mpya, haujapata hata mkwaruzo.

"Ukiuhurumia huo, mtazama pamoja."

Akauachia.

Upande wa kulia kulikuwa na mwamba wenye mnara wa taa. Hawakushindana na mkondo. Waliukata kimshazari kuelekea mwambani, wakiogelea chali, wameshikana mikono. Hawakufika mbali, wifi akaguna. Msuli wa kigimbi cha mguu ulikuwa umekakamaa. Aliuvuta mguu, ukalegea, alipopiga tena ukakaza. Mapezi yale yalitaka miguu iliyozoea. Ya mwoka mikate nayo, laini, ya kuvaliwa kama kiatu, yalimpwaya na kumchuna visigino, kwa sababu saizi yake ilikuwa imekwisha dukani.

"Lete yako. Tubadilishane."

"Humu majini?"

"Unaona wapi pengine?"

Yale ya kukodi yalimkaa wifi barabara, mguu wake ukiwa mkubwa. Yale mapya yalikuwa na mikanda ya nyuma. Mwoka mikate aliikaza, akapiga. Miguu yake, iliyoshinda miaka mbele ya tanuri na chini ya magunia ya unga, iliyasukuma.

"Nishikilie," wifi alisema. "Jaketi langu halivuji. Na usimeze maji."

Walipoukaribia mwamba wakasikia jinsi mawimbi yanavyopasuka juu yake, wakajua wakisogea watasagwa. Ikabidi wauache. Hapo ndipo mwoka mikate alipohisi baridi imeingia mpaka kwenye meno, na woga nyuma yake.

Kisha tagi, meli ndogo ya kukokota vyombo, ikatokea, ikivuta tishari la mchanga.

Wifi alipekua mfuko wa jaketi, akatoa boya refu la rangi ya machungwa lililokunjwa. Alilinunua kwa sababu rangi ilimpendeza. Midomo yake ilikuwa imekufa ganzi, hakuweza kulipuliza. Mwoka mikate alilichukua. Kupuliza alikuwa ameshakuzoea. Boya likasimama wima. Wifi akalishika, mwenzake akapuliza filimbi ya jaketi, wakangoja. Tagi ilipita, ikapunguza mwendo, ikageuza pua.

Baharia aliyewavuta aliwafunika blanketi moja. Walilia humo, hakuna aliyemwambia mwenzake nyamaza.

Wiki iliyofuata walirudi dukani. Mwoka mikate alijaribu miwani mpaka akapata iliyomganda usoni bila mkanda alipovuta pumzi kwa pua. Akainunua, na boya lake mwenyewe. Mtungi na jaketi alikodi tena, maana alikuwa bado hajajua kama bahari itamtaka. Lakini alilijaza jaketi, akalizamisha kwenye beseni la kuoshea, akainama kutazama mapovu.

"Huniamini, mama?" mwenye duka aliuliza.

"Wewe nakuamini. Hili ndilo silijui."

La kwanza lilitoa mapovu. La pili halikutoa. Wifi alikuwa mlangoni, ameshayabadilisha mapezi yake kwa mengine laini, ameyakumbatia.

"Mimi bado naogopa," alisema.

"Hata mimi. Leo tuishie maji ya kiunoni."