Baba wa Kwenye Riwaya

"Ukurasa huu umeuandika wewe?"

Lemuel Garside aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Mkewe, Tabitha, alikuwa amesimama mlangoni na jarida la mwezi ule, lililokuwa likichapisha riwaya ya mumewe sura kwa sura. London nzima ilikuwa inaililia sura hiyo.

"Nani mwingine, mke wangu?"

"Basi nisomee."

"Tabitha, nina kazi."

Akasoma mwenyewe. "'Baba alimshika mtoto mkono mpaka pumzi ya mwisho, ndipo akajua kwamba kumpenda mtu ni kubaki naye.' Maneno matamu. Huyu si Effie wetu?"

"Ni mtoto wa hadithini."

"Mwenye homa ya Effie? Mwenye mwanasesere wa Effie asiye na jicho?"

Effie, binti yao, alifariki Novemba iliyopita, akiwa na miaka sita. Siku hiyo baba yake alikuwa Edinburgh, akiwahutubia watu ukumbini kuhusu mapenzi na maisha ya ndoa. Tabitha alimpelekea telegramu mbili. Jibu likaja moja: "Nina mhadhara kesho. Nitafika Ijumaa."

"Uliniambia alifariki usingizini," Lemuel alisema taratibu. "Kwamba hakujua lolote."

"Nilikudanganya."

"Tabitha..."

"Nilikuonea huruma. Ulirudi umekonda, nikasema huyu nikimwambia atakufa. Kumbe mwenzangu unatafuta pa kuanzia sura."

"Makaburini sikulia, unakumbuka? Nililia hapa, nikiandika. Kulia kwingine sikujui."

"Wewe wasomaji wako wamekufuta machozi. Mimi kanifuta nani?"

Lemuel akaweka kalamu chini. "Alisema nini?"

Tabitha akakaa.

"Alikuwa anauliza kama ni Ijumaa. Kila nikimpa maji, 'Mama, leo Ijumaa?' Ilipofika saa tisa alasiri nikachoka, nikamwambia ndiyo mwanangu, ni Ijumaa. Akageukia mlango. Akafa anauangalia."

Lemuel alilaza uso juu ya karatasi zake, wino mbichi ukamchafua shavu. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika. Tabitha hakumgusa. Lemuel alipotulia, alimletea koti lake.

Wakaenda makaburini kwa miguu, katikati ya ukungu na moshi wa makaa, bila kusemeshana. Tangu maziko Lemuel hakuwahi kurudi. Walipoingia getini akashika njia ya kushoto.

"Kaburi lake si huko," Tabitha alisema, akimvuta mkono wa koti. "Njoo nikuonyeshe."