Tawi la Pili

Mpimajina ilikuwa imeshaua majina matatu ya Mwajabu, na adhuhuri ilikuwa inakaribia.

Mashine hiyo ilisimama katikati ya ukumbi wa Nyumba ya Majina, nyeupe, pana kama kabati la vyombo. Mfanyabiashara alitamka jina alilotaka kuipa tovuti yake, na Mpimajina ikalipeleka kwenye mji wa kuigiza uliojaa wateja wa kuigiza. Wengine walilisikia katikati ya kelele za soko, wengine waliliandika wakiwa na haraka, wengine walijaribu kulikumbuka baada ya kulala. Kwenye kioo walionekana kama vijitaa vinavyoelekea mlango wa duka. Jina zuri lilijaza mlango, na jina baya liliwapoteza watu njiani.

"Mafundi Stadi wa Mikono ya Roboti Mjimpya," Mwajabu alikuwa amesema mwanzoni, kwa maringo kabisa.

"Refu," ilijibu Mpimajina. "Wengi wamechoka kuliandika."

La pili lilikuwa na namba ndani yake, wateja wakagawanyika kati ya walioandika tarakimu na walioandika maneno. La tatu lilikaribiana na la kampuni kubwa, na vijitaa vyote vikaingia mlango wa jirani. Mwajabu alifuta jasho kwa mtandio. Yeye alikuwa fundi wa mikono ya roboti, mwenye kibanda kimoja tu sokoni. Vidole vilivyolegea, vidole gumba vinavyovunja mayai, hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Lakini Mjimpya mizigo yote ilibebwa na droni, na droni haikutua kwenye kibanda kisicho na jina. Muhula wake wa kusajili jina ulikuwa unaisha adhuhuri hiyo. Baada ya hapo kibanda kingefutwa kwenye ramani.

Akajaribu la mwisho, bila matumaini. "Mwajabu."

Vijitaa vikajaa mlangoni, vikapanga foleni hadi barabarani.

"Bora kuliko yote," ilisema mashine. "Lakini lina mwenyewe. Mwajabu binti Shomari, mkazi wa Mtaa wa Mikarafuu. Anaweza kuliachia kwa sauti yake."

Mwajabu nusura acheke. Huyo alikuwa bibi yake mzaa baba, somo wake, ambaye kwa heshima yake yeye alipewa jina hilo. Akampigia palepale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona unahema hivyo?"

"Bibi, nahitaji jina lako. La tovuti ya kibanda."

"Nilikupa ukiwa mchanga wa siku saba, leo unaliomba tena? Lichukue."

"Sema umeliachia, mashine ikusikie."

"Nimeliachia, somo. Lote."

"Jina hili lina mambo yaliyofungamana nalo," Mpimajina ilimwambia Mwajabu. "Ungependa kuyasikia?"

Mwajabu alitazama saa ya ukutani. "Hapana. Sajili."

Hata lango la ukumbi hajalifikia, oda zilishaanza kuingia. Alikuwa na furaha ya kutaka kupiga vigelegele. Ndipo simu ikaleta ujumbe kutoka nyumbani kwa bibi: *Mgonjwa hajulikani.*

Alikimbia njia nzima. Bibi alikuwa kwenye kiti chake chumba cha mbele, mkono kifuani, midomo imepauka. Mbele yake alisimama Muuguzi, roboti ambaye kila mgonjwa wa moyo hupewa, mwenye dawa ndani ya tumbo lake la chuma. Tumbo lilikuwa limefungwa.

"Mpe dawa yake!"

"Dawa ni ya Mwajabu," alisema Muuguzi kwa upole. "Mwajabu ni biashara. Biashara haina moyo."

"Na huyu ni nani?"

"Huyu hana jina."

Mwajabu alichomoa bisibisi. Alifungua kidole gumba cha Muuguzi, akafungua kiganja, akafungua kifundo cha mkono, mikono aliijua. Tumbo hakulijua. Akaiita Mpimajina kwenye simu.

"Mrudishie bibi yangu jina lake!"

"Jina la biashara halirudi kwa mtu."

"Anakufa!"

"Nani anakufa?"

Mwajabu alimgeukia bibi yake. Bibi alivuta pumzi fupi, halafu nyingine fupi zaidi. Mwajabu alihisi hofu ambayo hakuwahi kuihisi maishani.

"Ni nini," aliuliza, "kinaweza kulitumia jina hili pamoja na kibanda changu?"

"Matawi ya biashara."

"Sajili tawi!"

"Liko wapi?"

"Hapa. Mtaa wa Mikarafuu, chumba cha mbele. Kwenye kiti."

"Tawi hili la Mwajabu lina moyo," alisema Muuguzi, na tumbo lake likafunguka.

Bibi alipona, na siku za mwanzo alicheka sana. Kila asubuhi Muuguzi alimwamkia, "Karibu Mwajabu, mafundi wa mikono ya roboti, tawi la pili," naye akauliza mshahara wake unatoka lini. Wateja walimpigia simu kitini, akawaelekeza sokoni kwa adabu. Kibanda kilistawi. Mwajabu alirudi Nyumba ya Majina mara nyingi kuomba bibi arudishiwe jina, na kila mara alijibiwa vilevile. Aliona haya hata kula mbele ya bibi yake, ingawa bibi hakumlaumu kwa neno moja. Alipunguza tu kucheka.

Jumapili moja Mwajabu alifika na mkate wa kumimina ungali moto. Akaita kutoka mlangoni, kama alivyozoea tangu utotoni:

"Bibi Mwajabu! Hodi!"

Muuguzi aligeuka kwanza. "Asante kwa kuwasiliana na tawi la pili. Leo tumefunga. Tafadhali jaribu tena kesho."

Bibi alikuwa ameshafungua mdomo aitikie. Akaufunga, akakunja mikono mapajani, akaingoja sauti ile imalize.