Jeneza Moja la Macedonio

Harufu ya chokaa mbichi ilianza Jumatatu saa saba mchana, wakati mji mzima wa Santa Rufina umelala kukimbia jua. Don Leocadio Insfrán, mwenye nyumba ya mazishi, akamlaumu mkewe.

"Umepaka nini ukutani, Porfiria?"

"Nipake nini mimi? Jinuse mwenyewe."

Leocadio alikuwa mtu mfupi mwenye kifua cha jogoo, aliyetangulia mbele ya kila maiti utadhani heshima zote ni zake. Wiki hiyo alikuwa akiandika historia ya nyumba yake, iliyotimiza miaka themanini, aisome Jumapili mbele ya meya na padri. Aliandika kwamba mwaka ule wa ugonjwa wa kuhara damu marehemu baba yake, Don Macedonio, alimpa kila maskini jeneza bure. Uongo mtupu. Wazee waliujua, wakanyamaza, maana nani atamtukana mtu atakayemvalisha sanda?

Jumanne harufu ikaja na sauti. Kutoka chumba cha majeneza: *kwaa*, kama bawaba kavu, kisha *pu*, kitu laini kikianguka mbali chini. Jumatano ikalia mara nne. Porfiria akamwita Ña Sinforiana, bibi wa miaka themanini na saba aliyewaongoza wafiwa katika sala zao za siku tisa.

Bibi alisimama mlangoni, akasikiliza, akafanya ishara ya msalaba.

"Ni póra," alinong'ona. "Mzuka wa mtu asiyezikwa vizuri."

"Kwangu?" Leocadio akacheka. "Kwangu watu huzikwa kama maaskofu."

"Baba yako alikuwa na jeneza moja tu, we mtoto. Chini lilikuwa na mlango. Wakifika kwenye shimo la chokaa anavuta kamba, mtu anadondoka, jeneza linarudi kuchukua mwingine. Nilikuwa na miaka saba. Nilimwona mdogo wangu Celsa akidondoka. Vidole vyake vilikuwa bado vinacheza."

Porfiria akaziba mdomo.

"Uzee huo, bibi," alisema Leocadio.

"Andika jina lake. Labda ataondoka."

"Historia haiandikwi na vikongwe."

Jumapili watu walijaa chumba cha majeneza. Leocadio alisoma kwa sauti ya mahubiri, na alipofika kwenye "kila maskini jeneza lake", *kwaa*, *pu*. Watu wakaangaliana.

"Panya!" alifoka. "Mnaogopa panya? Tazameni basi majeneza ya Insfrán!"

Akavua viatu, akapanda ndani ya jeneza la mwerezi, akajilaza, akajifunika kifuniko mwenyewe.

Kwanza wakamsikia akicheka mle ndani, kisha kicheko kikakatika, na harufu ya chokaa ikapanda mpaka padri akakohoa, na wakasikia bawaba ikifunguka mahali pasipo na bawaba, na mtu mzima akianguka, akianguka muda mrefu kuliko kina cha jeneza lolote, mpaka Porfiria akapiga kelele na wanaume wawili wakang'oa kifuniko.

Alikuwemo. Mweupe kwa chokaa tangu nywele hadi soksi, macho wazi, vidole vikicheza. Kinywani mwake mlitoka sauti ya mtoto wa kike.

"Sinfo? Mbona umeniacha huku? Kuna baridi."

Ña Sinforiana akajikokota mpaka pale, akakishika kile kiganja kinene alichokidharau maisha yake yote.

"Nipo, Celsa. Dada yako nipo."

Leocadio aliishi miaka mitatu zaidi, akilishwa kwa kijiko, asiseme tena neno lake mwenyewe. Kila mchana bibi alikuja, akamtemea mate miguuni, kisha akaketi akapiga soga na mdogo wake.

Siku moja Porfiria alimsihi kwa sauti ya chini: "Mama, wewe unajua sala. Si umtoe huyo mtoto?"

Sinforiana alikuwa akizichana zile nywele za mvi, taratibu, kama anazisuka.

"Nimtoe aende wapi?" alisema.

Na kutoka kinywa cha mume wake, Porfiria akasikia mtoto akicheka.