Kucha za Bibi Hannelore

Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, Bi Diep hakuchukua mteja mwingine asubuhi. Alichemsha maji ya chai, akawasha taa ya mezani, akaweka mto kwenye kiti cha karibu na dirisha. Kiti hicho kilikuwa cha Bibi Hannelore. Mteja mwingine akithubutu kukikalia, Diep humhamisha kwa tabasamu, hata kama saluni nzima ni tupu.

Saluni yenyewe ilikuwa ndogo, meza mbili tu, katika mtaa mmoja wa mji wa Chemnitz. Upande mmoja kulikuwa na duka la mikate, upande wa pili duka la dawa. Diep alitoka Vietnam akiwa msichana, akaja Ujerumani kufanya kazi katika kiwanda cha nyuzi. Kiwanda kilipofungwa, yeye na mumewe wakaanza kuuza mboga sokoni. Waliondoka nyumbani alfajiri, barafu ingali njiani. Na mtoto wao Uyen, ambaye alikuwa bado ananyonya, wangemwachia nani?

Ni Bibi Hannelore aliyewaokoa. Aliishi ghorofa ya chini ya jengo lao, na kazi yake ilikuwa imekufa pamoja na kiwanda kilekile.

"Nileteeni huyo mtoto," alisema. "Mimi nashinda dirishani nahesabu njiwa. Bora nimhesabie yeye meno."

Basi Uyen akakulia mapajani mwa bibi wa Kijerumani, kama watoto wengi wa Kivietnam wa mji ule. Alikunywa supu ya viazi kabla hajajua kushika vijiti vya kulia. Diep naye akazoea kumwita bibi huyo Mama, na jina hilo halikumtoka tena.

Miaka ilipita. Uyen akawa mtu mzima, mume wa Diep akafariki, na Diep akafungua saluni ya kucha. Siku ya kwanza kabisa Bibi Hannelore alikuja na mikono yake mbele. Kucha zake zilikuwa zimevunjikavunjika kwa miaka ya mashine za nyuzi.

"Haya, nifanye na mimi niwe mwanamke wa kwenye magazeti," alisema huku akicheka.

Tangu hapo alivaa kucha za bandia za rangi ya waridi. Alikataa katakata kufanyiwa bure. Alilipa kama mteja yeyote, na akileta keki, alisema keki ni mambo mengine.

Jumanne hiyo aliingia akichechemea na fimbo yake, lakini uso uling'aa.

"Wamenipa siku, mwanangu. Wiki ijayo wananiwekea nyonga mpya. Ila wanataka vidole vitupu. Wana kidude chao cha kubana kidoleni, ati kinapima hewa mwilini, na hakipendi urembo."

"Basi leo tunavua," Diep alisema. "Ukipona tunavaa upya."

Alilowesha pamba kwa asitoni, maji makali ya kubandulia kucha, akaiweka juu ya kila ukucha, akavifunga vidole kwa karatasi ya foili. Wakapiga soga. Bibi alitaka kujua kama Uyen amepata mchumba au bado anawachagua kama nyanya. Diep akasema bado anachagua. Wakacheka.

Muda ulipotimia, Diep alifungua kidole cha kwanza. Kucha za bandia za akriliki zikikaa kwenye asitoni hulainika, zikabanduka bila taabu. Hii haikulainika. Ilikuwa ngumu vilevile kama ilivyoingia. Akalowesha tena, wakanywa chai, akafungua tena. Wapi.

Alichukua mashine ya kusugua, akaanza kuikwangua polepole. Bibi Hannelore akashtuka, mkono ukaruka.

"Inauma, Mama?"

"Kidogo tu. Endelea."

Diep hakuendelea. Alisogeza taa. Ngozi ya kuzunguka kucha ilikuwa nyekundu, imechanika, na ncha za vidole zimevimba. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeanza kuachana na nyama. Mwezi uliopita pia aliona wekundu. Bibi alisema ni sabuni ya vyombo, na Diep akakubali upesi, kwa sababu alitaka iwe sabuni ya vyombo.

Aliangalia chupa ya dawa ya maji anayochanganya na unga wa kucha. Nembo ilikuwa ya kampuni nzuri. Lakini kilichokuwa ndani alikijua, au tuseme alijua kwamba hakijui.

Chupa ile aliletewa na Toan. Kila mwezi Toan alitoka Berlin na gari lililojaa bidhaa za saluni. Alikuwa kijana wa wilaya moja na Diep kule Vietnam, na mumewe Diep alipofariki, Toan alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Siku moja Diep alitoka kumsaidia kushusha mizigo, akamkuta nyuma ya gari anamimina kitu kutoka kwenye dumu kubwa, anakitia kwenye chupa yenye nembo.

"Ni ileile, dada," Toan alisema bila kuona haya. "Nimeishiwa na chupa mpya tu."

Diep alirudi ndani akanyamaza. Kumuuliza mtu wa kwenu swali kama lile ni sawa na kumwita mwizi. Tena dawa ilikuwa rahisi, na saluni mpya ya kituo cha treni ilikuwa imeshusha bei hadi wateja wakaanza kumhama. Ukitaka kunyamaza, sababu hazikosekani.

"Mama, nisubiri kidogo," alisema. Akachukua chupa, akatoka.

Duka la dawa lilikuwa la Bi Kerstin, mwanamke mrefu mwenye miwani kichwani, jirani yake wa siku nyingi. Diep alimweleza yote, hata habari ya dumu. Bi Kerstin alifungua chupa, akaishika mbali na uso, akapunga hewa kwa mkono hadi puani.

"Hii harufu mimi naipata hapa kupitia ukutani," alisema. "Siwezi kuapa kwa pua tu, jirani. Lakini inanuka kali kuliko kawaida, ikiganda asitoni haiwezi kuilainisha, na bei yake ni ya kutupa. Dalili zote zinaelekea kwenye dawa moja ya bei rahisi ambayo mafundi wa kucha waangalifu waliiacha zamani. Inaganda kama jiwe. Ukijigonga, badala ya kucha ya bandia kuvunjika, inang'oka na ukucha wako."

"Na vidole vyake?"

"Hiyo inaonekana kama aleji. Hizi dawa za akriliki, hata zile nzuri, zikigusa ngozi zikiwa bado mbichi, mara kwa mara, mwili unaweza kuzichukia. Ukishazichukia, huwa ni kwa maisha yote. Usikwangue tena. Daktari wa ngozi amwone." Bi Kerstin alimtazama. "Na wewe hicho kikohozi chako? Unavuta vumbi na moshi wa hii dawa kutwa nzima, dirisha umefunga."

"Mimi si neno. Yeye wiki ijayo anawekewa nyonga."

Bi Kerstin alishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa.

"Diep, nisikilize vizuri. Nyonga nyingine za bandia hushikizwa kwenye mfupa kwa gundi inayoganda kama saruji. Gundi hiyo ni ya ukoo huohuo wa dawa. Daktari wake lazima ajue kabla hajamfungua. Leo hii."

"Nikimwambia, atajua nilichomfanyia."

"Ndiyo. Atajua."

Kutoka duka la dawa hadi saluni ni hatua chache, lakini Diep alizitembea kama mtu mwenye homa. Huyu ndiye aliyemlelea mwanawe. Angeweza kusema ni sabuni ya vyombo, wakaachana salama, na mama wa watu akaenda kulala kwenye meza ya upasuaji na siri isiyo yake. Hapana. Aliketi mbele ya Bibi Hannelore akasema yote. Gari, dumu, chupa, kunyamaza.

Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Ulimwona akimimina?"

"Nilimwona, Mama."

"Na mimi ukaendelea kunipaka."

"Nikaendelea."

Bibi Hannelore alivuta mikono yake, akaificha mapajani. Akageuka dirishani. Diep alilia kimya kimya, maana hakuwa na haki ya kulia kwa sauti.

"Nilijua si sabuni," Bibi alisema mwishowe, bado anatazama nje. "Usiku vidole vinawaka moto. Kahawa siwezi kumimina."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema, Mama, pumzika, usije tena. Nije wapi basi? Tangu mume wangu Horst afe, mikono yangu inashikwa na nani?" Alipangusa pua. "Nimekukasirikia, Diep. Nimekukasirikia sana. Sasa chukua simu, piga hospitali. Ongea wewe. Na ile ya dumu usiiruke."

Diep alipiga, na hakuiruka.

Upasuaji uliahirishwa. Daktari wa ngozi alimbandika Bibi vipande vya kupimia mgongoni, na majibu yakathibitisha aleji. Madaktari wakachagua nyonga ya aina nyingine, ile inayokaa kwenye mfupa bila gundi. Kucha zake ziliachwa zikue, na zile za bandia zikapunguzwa kidogo kidogo hadi zikaisha. Daktari wa upasuaji alimwambia Uyen kwamba simu ile ilikuja kwa wakati wake.

Diep naye hakukaa. Aliwapigia simu wateja wake wote, mmoja mmoja, akawaambia dawa ilikuwa na shaka na mwenye kuwashwa amwone daktari. Wengine walimshukuru. Mmoja alimtukana, naye Diep akamwacha amalize. Toan alipokuja, alimkuta mlangoni.

"Chupa hizi zina nini ndani, mdogo wangu?"

"Dada, leo hatuaminiani?"

"Ulimbeba mume wangu, sitasahau. Ndiyo maana nakuuliza wewe, sijaenda kwa polisi. Mimi sinunui tena kwenye dumu, na wewe acha kuuza."

Toan alipandisha mizigo yake bila kuaga. Mwaka mpya wa kwao alituma salamu, fupi, baridi. Lakini alituma.

Siku hizi Diep ananunua chupa zilizofungwa kwa lakiri, dukani, kwa risiti. Anazipanga mezani, maandishi yakimwelekea mteja, na anayetaka kuuliza anauliza. Ameweka mashine ya kuvuta vumbi, anavaa barakoa, dawa haiachi iguse ngozi. Bei imepanda. Binti mmoja wa chuo alilalamika kwamba pale kituoni ni nusu.

"Najua," Diep alimjibu. "Hata mimi nilikuwa nusu. Ile nusu nyingine aliilipa mama yangu kwa vidole vyake. Na wale wasichana wanaofanya kazi kituoni wanailipa kwa mapafu yao. Kama fedha haitoshi, mwanangu, paka rangi ya kawaida nyumbani. Utapendeza tu."

Binti alifikiri, akaketi, akapakwa rangi ya kawaida.

Majira ya kuchipua yalipofika, Jumanne ya kwanza ya mwezi, mlango ulifunguliwa. Bibi Hannelore aliingia kwa nyonga mpya na fimbo aliyoibeba kwa mapambo tu. Mto ulikuwa kitini. Dirisha lilikuwa wazi, na Diep hakukohoa.

Kucha za akriliki Bibi hatavaa tena maisha yake yote. Diep alileta beseni la maji ya uvuguvugu. Aliiosha mikono ile, akaikausha kwa taulo, akazikata kucha zake fupi, zenye mistari, zilizokuwa zimerudi nzima. Akapaka mafuta ya mzeituni, akakanda kila kidole, taratibu, hadi kiganjani.

Walipomaliza, Bibi alifungua pochi, akaweka mezani fedha ileile aliyolipa siku zote.

"Mama, leo sijabandika chochote."

"Kwani unadhani nilikuwa nalipia kucha?" Bibi Hannelore aliegemea mto, akanyoosha tena mkono wa kushoto. "Huu umeukanda haraka. Rudia."

Diep akaushika.