Kisanduku cha Idadi

Walikutana Segera, mwaka 2006, wauza machungwa wamelizonga basi. Yuditha Semboja, binti wa Korogwe, kapendeza ndani ya gauni la kitenge cha njano, akakanyagwa kidole. Alipoinua macho kufoka, akamwona kijana mrefu mwenye shuka jekundu na mkoba wa kompyuta begani.

"Samahani, dada. Nikununulie machungwa?"

"Machungwa yanaponya kidole?"

"Basi nikununulie na kidole kipya."

Yuditha akacheka, na hapo ndipo alipopatikana! Kumbe kijana huyo, Kisioki, alikuwa anakwenda kuanza kazi ofisini kwa akina Yuditha, walikotengeneza fomu za mtandaoni, kwa lugha ya kompyuta iitwayo XML, za wakulima na wafugaji wa Handeni. Yuditha ndiye aliyepanga mafaili ya mitindo: rangi, ukubwa, kipi kionekane na kipi kifichwe. Faili moja la pamoja lilitawala fomu zote. Kisha kila fomu na faili lake dogo.

"Mpenzi, la pamoja usiliguse," alimwonya walipokwishazoeana.

"Nimesikia, malkia wangu."

Hakusikia, jamani! Siku mbili kabla ya ukaguzi wa kuamua kama ofisi itapewa kazi ya wilaya nzima au itafungwa, fomu ya mahindi ilifunguka haina kisanduku cha idadi ya magunia. Ya kuku pia haina idadi. Kisioki mwenyewe kaondoka alfajiri kwenda Handeni, hata kuaga hakuaga. Yuditha akampigia simu.

"Kwa kuwa wewe mfugaji, wakulima si watu kwako, eti? Umenimaliza, Kisioki!"

"Yudi, nisikilize..."

Akakata. Alipigiwa mara sita, hakupokea. Alilia hadi macho yakavimba, maana alimpenda kweli.

Mchana ikaita namba ngeni. Alikuwa Naitoi, dada yake Kisioki.

"Wifi, kaka hali chakula. Kwetu Wamasai ng'ombe hawatajwi idadi mbele za watu, na skrini yenu foleni nzima inaiona. Wazee waligoma. Ndiyo maana kakificha kisanduku, sasa anawauliza mmoja mmoja pembeni. Aliona haya kukuambia."

"Masikini, Kisioki wangu!"

Yuditha akafungua faili la pamoja. Mstari mmoja tu wa kuficha idadi, ndio ulioathiri fomu zote! Akauhamishia kwenye faili la fomu ya ng'ombe, akaurekebisha: kisanduku kibaki, ila tarakimu zionekane vinukta. Kisha akapiga simu.

"Wewe mwanaume, si ungesema?"

"Niliogopa utanicheka."

"Nitakucheka ukirudi. Rudi, mpenzi."

Siku ya ukaguzi alikuja mzee Loishiye mwenyewe, baba yake Kisioki. Akabonyeza tarakimu mbele ya ukumbi mzima, vikatokea vinukta. Mzee akacheka mpaka hereni zikacheza masikioni. Fomu za wakulima nazo zikafunguka zimekamilika. Kazi ya wilaya wakapewa, vigelegele vikapasua ukumbi!

Kisioki akamvuta Yuditha kwenye kompyuta. Fomu mpya, swali moja: "Baba alete posa kwenu?" Jibu lililoonekana ni Ndiyo peke yake.

"Hapana iko wapi?"

"Nimeificha."

"Kwenye faili gani?"

"La fomu hii tu. Haki ya Mungu, la pamoja sijaligusa."

Yuditha akabonyeza Ndiyo, machozi ya furaha yakimtoka. Mzee Loishiye akasogea.

"Mama, baba yako atataka ng'ombe wangapi?"

Yuditha akatazama umati uliowazunguka, akainama kwa heshima.

"Hiyo, baba, tujaze vinukta."